Paka wanaingia wazima, baada ya wiki ni chafya na tongotongo. Tubadilishe nini kwenye vizimba?

Mama Nyau ameandika:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kulea paka wengi mahali pamoja. Sizungumzii paka wawili wa nyumbani.

Tuna kituo kidogo kinachopokea paka waliotupwa, waliopotea, na wale ambao wenyewe wamehama wakawaacha. Paka akifika anapimwa uzito, anakaguliwa masikio na meno, anachomwa chanjo siku hiyohiyo, anapewa dawa ya minyoo, kisha anaingia kizimbani. Mpaka hapo yuko safi, macho yanang'aa, anakula. Ikifika siku ya tano au ya sita unasikia chafya moja. Kesho yake jicho moja limefumba kwa tongotongo. Kesho kutwa chakula hakitaki, maana pua imeziba na harufu haisikii. Tunamtibu, anapata nafuu, na kabla hajatoka jirani yake wa juu ameshaanza.

Chumba kiko hivi. Vizimba ni vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, vimepangwa ghorofa tatu, safu mbili zinazotazamana. Katikati kuna njia ya kumtosha mtu mmoja na ndoo yake. Kila kizimba kina beseni la mchanga, bakuli mbili na taulo. Madirisha tunayafunga tukiogopa baridi itawazidishia mafua. Nyuma ya ukuta mmoja ni banda la mbwa.

Usafi hatufanyi mchezo. Kila asubuhi paka anatolewa, anatiwa kwenye kikapu, kizimba kinamwagiwa dawa na kusuguliwa mpaka kwenye pembe, kinakaushwa, ndipo anarudishwa. Siku zenye kazi nyingi anaingizwa kizimba chochote kilichotangulia kukauka.

Sasa amejitokeza mfadhili anayetaka kutununulia kitu kimoja cha maana. Wenzangu wengi wanataka safu ya tatu ya vizimba kwa kuwa nafasi haitoshi. Mmoja anataka mashine ya kupuliza dawa hewani. Mimi hakuna kilichonishawishi. Mngekuwa nyinyi, mngeanza wapi?

---

Kaka Tabu:

Dada, hapo tia antibayotiki kwenye maji ya kunywa ya wote, wanaoumwa na wasioumwa, siku saba mfululizo. Chumba chote kitasafika. Mambo ya vizimba baadaye.

---

Mkia Juu:

Kaka Tabu, kwa heshima zote, hapana. Mafua ya paka kwenye vituo kwa sehemu kubwa ni ya virusi, hepesi ya paka na kalisivirusi. Antibayotiki haigusi virusi. Inaweza kumsaidia paka ambaye bakteria wamemwingia juu ya ugonjwa ule, na huyo ni mmoja mmoja, kwa kipimo cha daktari. Kuwanywesha wazima chumba kizima ni kuwafundisha bakteria kuzoea dawa.

Mama Nyau, nimefanya kazi ya vizimba miaka mingi, na kwa maelezo yako chumba chako naweza kukitembea nikiwa nimefumba macho. Nakujibu kwa kirefu, maana umeeleza vizuri na jibu lenyewe liko ndani ya maelezo yako.

Anza na hiyo siku ya tano au ya sita. Paka wengi waliokulia mitaani au kwenye nyumba zenye paka wengi walishapata hepesi wakiwa wadogo. Wakipona, kirusi hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, na paka anaishi nacho maisha yake yote bila dalili. Akipata msukosuko mkubwa, kinaamka. Hakiamki palepale: huchukua siku kadhaa, mara nyingi kama wiki, ndipo kirusi kinaanza kutoka kwenye makamasi, machozi na mate, na kinaweza kuendelea kutoka kwa wiki moja au mbili. Hesabu nyuma kutoka kwenye ile chafya yako ya kwanza, utaangukia kwenye siku ya kuingia kizimbani. Wapo watakaoambukizwa na majirani, sikatai, na chanjo uliyomchoma mlangoni haizuii hilo kabisa, inapunguza ukali tu. Lakini wengi wanakuja na kirusi chao wenyewe, na kizimba ndicho kinachokiamsha.

Sasa tuangalie kizimba. Sentimita 60 kwa 60. Beseni la mchanga likiingia, hata lile dogo lisilomtosha paka kugeuka, karibu nusu ya sakafu imekwenda. Bakuli zinakaa pembeni mwa beseni. Paka ni mnyama anayetembea kando kabisa kwenda kujisaidia na kufukia, wewe unamwambia ale pua ikiwa juu ya choo. Hawezi kujinyoosha akiwa amelala. Hana pa kujificha. Kesho asubuhi simama mlangoni bila kuingia, uwaangalie kabla hawajakuona. Utamkuta mmoja amelala ndani ya beseni la mchanga. Watu wanacheka, wanasema huyu mchafu. Siyo mchafu: beseni ndilo kitu pekee mle ndani chenye kuta, na yeye anatafuta kuta. Mwingine amejivika taulo au amelikunja mpaka kona. Wa tatu utadhani amelala, lakini miguu yote minne ameikalia, hakuna hata mmoja ulionyooka, na masikio yanageuka kila mlango unapogonga. Yule hajalala. Anajifanya.

Hao watatu ndio wa chafya ya wiki hiyo. Hilo halijatoka kichwani mwangu. Mwaka 2018 Denae Wagner, Philip Kass na Kate Hurley wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti wa vituo 9 vya Amerika Kaskazini. Walitafuta ni kitu gani kinachotenganisha vituo vyenye mafua mengi na vyenye machache. Mawili yalijitokeza waziwazi: sakafu ya kizimba inayozidi takriban mita ya mraba 0.74 kwa paka mmoja, na paka kutohamishwahamishwa katika wiki ya kwanza. Sakafu yako wewe ni 0.36, na paka wako anatolewa kila siku. Yaani nusu ya nafasi inayotakiwa, na usumbufu wa kila asubuhi juu yake.

Kwa hiyo pesa ya mfadhili isinunue kizimba hata kimoja. Ivitoboe ulivyo navyo.

Ita fundi wa vyuma. Kwenye ukuta unaotenganisha kizimba na jirani yake wa kando, akate tundu la duara la kupita paka mkubwa bila kubanwa, na alipandishe juu ya sakafu kiasi kwamba mchanga hautarukia upande wa pili. Tundu liwe na kifuniko cha kufunga na kufungua. Upande mmoja ukae mchanga peke yake, upande wa pili chakula, maji na malazi. Ukiunganisha viwili unapata 0.72, umefika karibu kabisa. Kwa dume kubwa, au kwa paka utakayekaa naye muda mrefu, unganisha vitatu.

Faida ya pili ya tundu ndiyo ninayoipenda kuliko hiyo ya nafasi. Asubuhi humtoi paka. Yuko upande wa malazi, unafunga kifuniko, unashughulikia upande wa mchanga, unafungua, unahamia upande wa pili akishavuka mwenyewe. Mikono yako haikumgusa, na kile kikapu hakikutumika. Kikapu hicho kikufikirishe, dada. Umesema paka wanatiwa kwenye kikapu, sidhani kama kila mmoja ana chake. Chafya ya paka hairushi matone mbali, ni mita moja na kitu. Chumbani ugonjwa unasafiri zaidi kwa mikono, nguo, ndoo, kitambaa na kikapu kuliko kwa hewa. Ndiyo maana ile mashine ya kupuliza dawa ni pesa ya kutupa: inapambana na hewa, na inawamwagia mapafuni kemikali paka ambao tayari pua zao zinawaka.

Halafu hayo makubwa ya kusugua kila kizimba mpaka pembe kila siku, acha. Najua utashtuka. Paka anayekaa palepale, kizimba chake husafishwa pale palipochafuka tu: unatoa kinyesi, unabadili mchanga, unafuta ulipomwagika, unaosha bakuli, unamwachia taulo lake kama halijachafuka. Harufu yake ikibaki, anajua hapa ni kwake. Ukifuta kila kitu kwa dawa kila siku, kila siku ni siku yake ya kwanza kituoni. Kusugua kwa dawa kunafanywa paka akishatoka, kabla ya mwingine kuingia. Hapo usiache hata pembe.

La mwisho kwa leo ni sanduku. La karatasi ngumu, lile la kubebea bidhaa, limelazwa ubavu, mlango wake usitazame njia moja kwa moja. Halina gharama na likichafuka linatupwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2014 uliwapa paka wageni sanduku la kujificha kwenye kundi moja, kundi lingine halikupewa. Kufikia siku ya tatu wale wenye sanduku walikuwa wametulia kwa kiasi ambacho wenzao walikuja kukifikia siku nyingi baadaye. Watu wanaogopa wageni wanaokuja kuchukua paka hawatamwona. Paka mwenye pa kujificha ndiye anayetoka mwenyewe kuja kunusa kidole cha mgeni.

---

Mama Nyau:

Mkia Juu, shukrani sana. Kesho asubuhi nitasimama mlangoni kama ulivyosema, ingawa yule wa kulala kwenye beseni namjua hata jina.

Ila nina swali ambalo wenzangu wataniuliza kabla sijamaliza sentensi. Nikiunganisha viwili viwili, nafasi zangu zinakuwa nusu. Sasa hivi hazitoshi, ndiyo maana wanataka safu ya tatu. Hao wengine nitawaweka wapi? Siwezi kumrudisha paka barabarani ili mwenzake ajinyooshe.

---

Mkia Juu:

Swali la haki, na ndipo vituo vingi vinapokwama. Chukua kalamu.

Idadi ya paka walio ndani haiamuliwi na idadi ya vizimba. Inaamuliwa na wanaoingia kwa siku na siku anazokaa kila mmoja. Tuseme wanaingia 2 kwa siku, kila mmoja anakaa siku 30. Ndani utakuwa na 60 wakati wote. Wakikaa siku 15, utakuwa na 30, na waliosaidiwa mwaka mzima ni walewale, hawajapungua hata mmoja. Ukiongeza safu ya tatu bila kupunguza siku, itajaa, halafu utataka ya nne.

Sasa jiulize, siku za paka wako zinaliwa na nini? Mojawapo ni haya mafua. Paka aliyekuwa aondoke wiki hii anakaa kutibiwa, macho yakikauka anasubiri nguvu, manyoya yamechakaa, hakuna anayemtamani. Mafua yanazaa msongamano, na msongamano unazaa mafua. Ukikata upande mmoja, wa pili unalegea wenyewe. Siku nyingine zinaliwa na foleni. Kuna paka amekaa anasubiri tu kuhasiwa kwa sababu daktari anakuja siku maalumu, mwingine anasubiri kupigwa picha, mwingine anasubiri mtu aamue. Pita kila siku mbele ya kila kizimba na daftari, kwa kila paka uliza: huyu anasubiri nini, na nani atakifanya leo? Hilo zoezi peke yake lilitupunguzia watu ndani kuliko kitu chochote kingine nilichowahi kukiona kazini. (Nimeandika watu. Niache hivyohivyo.)

Na wasiokuwa na haraka waingie kwa miadi. Mtu anayehama mwezi ujao anaweza kumleta paka wiki ambayo una kizimba. Mama na vitoto wanaonyonya nafasi yao ni nyumba ya mlezi wa kujitolea, kituoni wanaumia kuliko wote.

Usitoboe vyote kwa mara moja. Anza na safu moja, ile isiyopakana na mbwa. Wageni wote waingie humo, wakae humohumo mpaka waondoke. Ghorofa ya chini kabisa usiweke paka, weka mifuko ya mchanga na mataulo. Paka anayetazama viatu na ndoo zikimpita puani hatulii.

---

Daktari wa Zamu:

Nakubaliana na Mkia Juu kwa karibu yote. Naongeza yangu kama daktari wa mifugo, na moja naliwekea mipaka.

Mipaka kwanza. Kusafisha palipochafuka tu ni sahihi kwa paka mzima na kwa mafua ya kawaida. Siyo sahihi pakiwa na panlukopenia, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia matumbo ya paka, au vidonda vya fangasi wa ngozi. Mkiona paka, hasa mdogo, ameacha kula ghafla, anatapika, anaharisha, amelegea, hayo si mafua. Kirusi cha panlukopenia kinaweza kuishi kwenye mazingira kwa miezi hadi mwaka. Hapo ni kumtenga, kumwita daktari, na kusafisha kwa utaratibu mwingine kabisa. Vivyo hivyo paka mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya: vijimbegu vya fangasi vinakaa kwenye taulo na kwenye nguo zako kwa muda mrefu.

Sasa dawa. Mama Nyau hujataja mnatumia nini. Dawa nyingi za kusafishia wanyama ni za jamii ya amonia wa kwata (kwa Kiingereza quaternary ammonium). Kwa hepesi ya paka zinatosha. Hepesi ni dhaifu nje ya mwili, haimalizi siku moja kwenye sehemu kavu. Kalisivirusi anaweza kukaa karibu mwezi, na dawa hizo hazimtishi, wala hazimtishi panlukopenia. Klorini ya kawaida ya nguo yenye nguvu ya asilimia 5 hivi inawaua wote ukiichanganya kipimo 1 kwa maji vipimo 32, kama mililita 30 kwa lita. Kwanza osha kwa sabuni, suuza, ndipo umwage klorini, uiache dakika 10 ikiwa bado mbichi, usuuze na kukausha. Uchafu unaiua klorini kabla haijaua kirusi, kwa hiyo kuimwaga juu ya kinyesi ni kazi bure. Mchanganyiko utengenezwe kila siku. Usiuchanganye na dawa nyingine yoyote, na usiumwage penye dimbwi la mkojo, inatoka hewa mbaya. Paka asiwe pembeni.

Zile dawa zinazogeuka nyeupe zikiingia majini, msizitumie kabisa penye paka. Nyingi ni za jamii ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuiondoa. Anaikanyaga, analamba mguu, anaumia.

Madirisha yafunguliwe. Baridi haileti kirusi. Chumba kikikaa kati ya nyuzi 18 na 26 paka mzima mwenye sanduku na taulo yuko salama, ilimradi upepo usimpige moja kwa moja. Kinachomuumiza ni hewa iliyosimama yenye harufu ya mkojo. Kipimo rahisi: ukiingia asubuhi harufu ikakupiga mlangoni, wao wamelala nayo usiku kucha, na pua zao ni kali kuliko zako.

Kuhusu safu kutazamana, mwenzangu hakuligusa. Kama njia inamtosha mtu na ndoo tu, paka wanapigana chafya uso kwa uso. Kati ya safu mbili inatakiwa mita 1.2 au zaidi. Kama chumba hakiruhusu, funikeni nusu ya mlango wa kila kizimba kwa taulo, au safu moja igeuzwe.

Na pimeni uzito kila baada ya siku chache, siyo siku ya kuingia tu. Paka huanza kupungua kabla hajapiga chafya. Wale wanaopungua wiki ya kwanza ndio wa kuhamishia mahali tulivu mapema, na mizani ya jikoni inatosha kwa vitoto.

---

Kaka Tabu:

Sawa daktari, nimeelewa kuhusu antibayotiki. Ila naona hamjazungumzia chumba cha pamoja. Kwa nini asiweke paka wote kwenye chumba kimoja kikubwa, waruke wanavyotaka, vizimba viuzwe?

---

Mkia Juu:

Kwa paka wanaojuana, au waliokaa muda na wamepimwa tabia, ni kuzuri. Nafasi iwe si chini ya mita ya mraba 1.7 kwa kila paka, rafu za juu ziwe nyingi, mabeseni na bakuli visambazwe ili mbabe mmoja asikalie njia ya vyote. Lakini kwa kituo kinachopokea wageni kila siku, kila anayeingia anawavuruga wote upya, na paka hawana haraka ya kuzoeana. Utawaona wameganda kila mmoja kwenye rafu yake, mtu akipita anasema wanapendana. Waangalie wakati wa kula, yupo mmoja hashuki mpaka taa zizimwe. Akiumwa mmoja huko, utamjua vipi ni yupi ameharisha? Kwangu mimi kizimba kilichounganishwa kinakuja kwanza, chumba cha pamoja baadaye na kwa waliochaguliwa.

---

Fundi Grenda:

Mimi si mtu wa paka, mke wangu ndiye anayejitolea kituoni. Ila matundu kama hayo huko kwao nimeyakata mimi, kwa hiyo nisemee la ufundi.

Chuma kisichoshika kutu kikikatwa kinabaki na ukingo mkali kama wembe. Ukipiga grenda na kupaka msasa bado haitoshi, paka anapita hapo mara kumi kwa usiku na anajisugua shavu kila anapopita. Mwanzoni wengi huweka bomba la mpira lililopasuliwa kwa urefu na kuvikwa ukingoni. Linashika vizuri, ila ndani ya ule mpasuko linakusanya manyoya na maji machafu, na mhudumu hawezi kulisafisha. Kata kipande kifupi cha bomba la plastiki gumu la maji taka, lenye mzingo unaolingana na tundu, kipenye pande zote mbili, ukibane na kukiziba kwa silikoni. Kinakuwa laini, kinafutwa kwa kitambaa kama ukuta wa kawaida.

Kifuniko kiwe cha kuteleza kwa kando, siyo cha kushuka kutoka juu. Cha kushuka kitamwangukia mkia siku moja. Na mpini wake utokeze mbele nje ya mlango, ili mtu afunge bila kuingiza mkono ndani. Usipofanya hivyo, mhudumu atafungua mlango kila mara kukivuta na faida yote aliyoieleza Mkia Juu imekwisha.

Kata wakati paka hawamo chumbani. Si kwenye kizimba cha pili, chumbani kabisa. Kelele ile mimi mwenyewe navaa vizibo masikioni.

---

Mama Nyau:

Nimesimama mlangoni leo kabla ya taa kuwashwa. Wa kwenye beseni alikuwepo, na nimewahesabu wengine wanne waliokaa juu ya miguu yao yote. Mmoja wa hao wanne aliingia juzi, nilikuwa nimeandika kwenye kadi yake "mtulivu".

Nimeongea na wenzangu. Safu ya tatu tumeiweka kando, safu ya upande wa mbali na mbwa tunaianza kuitoboa, ghorofa ya chini tunahamishia mifuko ya mchanga. Dawa tuliyokuwa tukitumia nimesoma kibandiko chake, ni hiyohiyo amonia wa kwata, kwa hiyo klorini tutaitumia paka akishatoka, kwa kipimo cha daktari. Masanduku nimeshaanza kuyaomba madukani.

Fundi, swali moja. Vizimba vyetu vina rafu ndogo ya kulalia nyuma, upande wa kulia. Tundu likae nyuma karibu na rafu au mbele karibu na mlango?

---

Fundi Grenda:

Pima kwanza rafu isije ikaziba njia. Kwetu tuliweka mbele kidogo ya katikati, rafu ikabaki kona yenye giza peke yake. Mke wangu anasema likiwa nyuma kabisa, paka mwoga anajibana mle ndani ya tundu lenyewe na kifuniko hakifungi.

---

Mkia Juu:

Mkeo anasema kweli. Na Mama Nyau, huyo wa beseni umpe sanduku leo, usimsubirishe fundi. Kadi ya yule wa juzi futa hilo neno, andika uzito wake.